Anayechora Hahesabu

Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa bapa kuliko cha kushoto, na pembeni mwa ukucha palikuwa na rangi ya damu ya mzee ambayo sabuni haikuiweza, wala ndimu. Nilipomwona mara ya kwanza, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana kule Kibosho, nilidhani ameumia.

"Shikamoo, Mama. Pole na kidole."

Akakitazama kama kitu alichokuwa amekisahau. "Marahaba. Hiki hakiumi. Hiki ndicho chombo bora kuliko vyote humu ndani, na hakihitaji kufungiwa kabatini."

Tulimwita Mama wa Maabara. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kutunza chupa, kuosha vioo na kutayarisha mazoezi ya vitendo. Walimu wa Baiolojia walikuja na kuhama. Yeye alibaki, na kila mwalimu mpya alijifunza kwake kabla ya kutufundisha sisi.

Lazima nieleze kazi ya kidole hicho, maana bila hiyo hutamwelewa. Usiogope, si jambo gumu. Kila kiumbe kimejengwa kwa seli, na ndani ya seli mna nyuzi zilizobeba maelekezo ya kukijenga. Hizo ndizo kromosomu. Muda mwingi huwezi kuzitofautisha. Zimetawanyika kama sweta lililofumuliwa. Lakini seli inapojiandaa kugawanyika, nyuzi hujikunja na kukaza, zikawa vijiti vifupi unavyoweza kuvihesabu. Mahali rahisi pa kuzikuta hivyo ni kwenye ncha ya mzizi mchanga, kwa sababu pale ndipo mmea unaposukuma kukua.

Basi yeye alikata ncha za mizizi saa tatu asubuhi, akazilaza katika spiriti na asidi hadi kesho yake, akazilainisha, akazitia rangi. Ncha moja aliiweka juu ya kioo, akaifunika kwa kioo kingine chembamba sana, akakunja karatasi juu yake, kisha akabonyeza kwa gumba. Ukibonyeza kidogo, seli zinabaki zimerundikana. Ukiteleza kando, zinaviringika na kazi ya siku mbili imekwisha.

"Bonyeza kama unapiga muhuri," alituambia. "Usifute kama unafuta meza."

Tulivunja vioo vingi. Hakutukaripia kwa kuvunja. Alitukaripia kwa kusema tumeona kitu ambacho hatukukiona.

Namba alizijua kama wengine wanavyojua majina ya wajukuu. Kitunguu, kumi na sita. Mahindi, ishirini. Maharage, ishirini na mbili. Mpunga wa Chekereni na mpunga wa kwingine kokote, ishirini na nne. Kahawa yetu ya arabika, arobaini na nne, na robusta nusu yake. Msichana mmoja wa darasa letu, hodari wa kujibu, alisimama akasema kwamba basi binadamu ndiye juu ya wote, kwa kuwa ana arobaini na sita.

"Kaa chini," Mama wa Maabara akamwambia. "Kiazi mviringo kina arobaini na nane. Kiazi kimekuzidi mbili."

Darasa likalipuka. Msichana yule aliitwa Kiazi mpaka tulipomaliza kidato cha nne, na leo ni daktari, na bado tunamwita hivyo.

Alisubiri kicheko kiishe, akatueleza kwamba ukubwa wa namba si akili wala cheo. Kuna kimea kidogo cha nchi za mbali chenye maua ya manjano ambacho kina kromosomu nne tu, na kinachanua bila aibu. Kuna mmea mwingine, nao una maua, wenye zaidi ya mia sita. Kilicho muhimu ni jinsi zinavyopangana. Hapo ndipo alipotutoa nje, akatupanga mstari wa wawili wawili, kama tulivyokwenda kanisani Jumapili.

"Kila mmoja ana mwenzake? Vizuri. Huo ni mchare, ndizi yetu ya kupika. Makundi mawili ya kumi na moja, ishirini na mbili. Sasa njooni na wengine, kila wawili wapate wa tatu."

Tukasogea. Mstari ukavurugika.

"Haya, nendeni wawili wawili. Nani anaachwa?"

Tukaanza kusukumana na kucheka, kila kundi la watatu likimwacha mmoja peke yake.

"Hizo ni ndizi nyingine nyingi mnazokula," akasema. "Makundi matatu, thelathini na tatu. Wakati wa kutengeneza mbegu kila kromosomu inatafuta mwenzake, na wa tatu anabaki anazubaa. Ndiyo maana hamtemi kokwa mkila ndizi. Huo ugomvi wenu hapo ndio utamu wenu."

Mkono ukanyooka. "Na mchare, Mama? Wenyewe umekamilika wawili wawili, mbona nao hauna kokwa?"

"Mchare una sababu zake, na nusu ya hizo sizijui." Alilitamka neno "sizijui" kwa sauti ile ile aliyotamkia namba.

Sijawahi kumsikia mtu akieleza vizuri zaidi, na mimi sasa ni mwaka wa kumi na tano nafundisha Baiolojia mjini Moshi. Kila mwaka nawapanga wanafunzi wangu uwanjani, na kila mwaka wanasukumana vile vile.

Lakini asidhani mtu kwamba alikuwa mashine ya kuhesabu. Katika jumuiya yao ndogo ndogo, zamu yake ya kuongoza rozari ilikuwa burudani ya mtaa. Kila fungu lina Salamu Maria kumi, na punje zipo mkononi, lakini yeye alipotea kila mara.

"Mama, hiyo ni ya kumi na mbili!" mtu angenong'ona.

"Basi Bikira Maria amepata nyongeza," angejibu, na kuendelea.

Nyumbani kwake mtori uliungua mara kwa mara. Aliwachanganya wasichana wa Uru na wa Machame, na mimi, niliyezaliwa Kahe kule tambarare kwenye joto, aliniita "wewe wa baridi" kwa miaka miwili kwa sababu nilivaa sweta darasani. Alikuwa mgumu wa sifa pia. Siku niliyotengeneza kioo changu cha kwanza kilichotulia, kila kromosomu ya kitunguu ikionekana, aliinama kwenye hadubini muda mrefu, akainuka, akasema, "Osha mikono." Nilitembea hadi bwenini kama niliyevishwa taji.

Sasa nisimulie kosa lake, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisimulia kwa kila darasa jipya, wiki ya kwanza, kabla hajagusa chupa.

Kwa desturi ya huku kwetu, kahawa ni ya baba na ndizi ni za mama. Jirani yake, mzee aliyemwita Meku kama tunavyowaita wazee wa kiume, alikuwa na mbuni mmoja uliopandwa na marehemu baba yake. Ulikuwa mwembamba, unachanua vizuri, lakini unazaa kiduchu. Wakati huo Mama wa Maabara alikuwa kijana, na alikuwa amesoma katika kitabu cha maktaba kwamba mara chache huota mbuni wenye nusu ya kromosomu, ishirini na mbili badala ya arobaini na nne, na mbuni huo ndivyo unavyokuwa: mwembamba, mchache wa matunda. Alitamani sana kuuona. Akafukua mizizi ya ule wa Meku, akaitayarisha, akatazama seli moja, akahesabu ishirini na mbili. Akakimbia.

"Meku, huu hauna dawa. Ulizaliwa nusu."

Meku akaukata. Kwenye kisiki wakakuta matundu ya funza waliokuwa wamelitoboa shina miaka na miaka. Mti haukuwa nusu, ulihitaji kutibiwa tu. Alirudi maabara, akakitazama kile kioo upya. Seli ilikuwa imepasuka alipobonyeza, na kromosomu nyingine zilikuwa zimemwagika pembeni, zinaonekana wazi kwa anayetaka kuziona. Yeye aliacha kuhesabu alipofika kwenye namba aliyoipenda.

Alikata jani la isale, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa Meku. Mtu wa huku akija kwako na isale, amekuja kuomba msamaha wa kweli, na si rahisi kumrudisha. Meku alilipokea. Kisha akasema maneno ambayo Mama wa Maabara aliyarudia kwetu neno kwa neno:

"Wewe ulijua unachokitafuta, ndiyo maana ukakipata. Ungeniita mimi nisiyejua kitu, ningehesabu kilichopo."

Kutoka hapo akaweka sheria, na maabara ile haikuivunja tena: anayechora hahesabu. Mmoja hutazama kwenye hadubini na kuchora nukta kwenye karatasi, kila moja mahali pake. Mwingine, asiyejua mmea ni upi wala namba gani inatarajiwa, huweka punje ya harage juu ya kila nukta, kisha anakusanya punje na kuzihesabu. Tena si seli moja. Tano, kwa uchache.

Tulimcheka kwa hayo maharage yake. Wasichana wa leo wana simu zinazopiga picha kwenye hadubini, na alipoonyeshwa alifurahi kama mtoto. "Piga," alisema. "Ukishapiga, chora."

Alipostaafu, shule ilimpa zawadi ya hadubini ya zamani, ile inayotumia kioo kuvuta mwanga wa jua. Aliiweka sebuleni kati ya picha ya Moyo Mtakatifu na redio.

Mwaka jana, mvua za masika zilipokaribia, alinipigia simu. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili kiasi kwamba nyuso alizijua kwa sauti. "Njoo na macho yako," akasema. "Nina siku tatu."

Nilifika Jumatano mchana, barabara ya Kibosho ikiwa imenitikisa hadi meno. Uani kwake nilikuta miche ya migomba imepangwa chini ya kivuli, mia kadhaa, inafika gotini, na Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama amesimama katikati yake kama mwenye harusi.

Habari ilikuwa hivi. Bwana mmoja mwenye kitalu aliwaletea miche aliyosema ni mchare safi, usio na ugonjwa. Vihamba vya huku, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ni vidogo. Hakuna mahali pa kupanda kitu kipya bila kung'oa cha zamani. Kikundi kilikubaliana kwamba kila mwanachama atang'oa nusu ya mashina yake ya mchare, yale waliyoachiwa na mama wakwe zao, na msaragambo wa kung'oa na kupanda ungefanyika Jumamosi, watu wote pamoja, kihamba baada ya kihamba. Miche ikiwa midogo hivyo, wengine walisema ni mchare, wengine walisema sivyo, na waliokuwa na haraka walishinda. Mama wa Maabara aliuliza swali moja tu kwenye kikao: "Nani amehesabu?"

"Mama huyu anatuchelewesha," Mwenyekiti akaniambia mimi, si yeye. "Mvua haimsubiri mtu. Kama si mchare tutajua ukizaa."

"Ukizaa ni mwaka na zaidi," Mama wa Maabara akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Na yale ya zamani yatakuwa yameshaoza kwenye shimo la samadi. Utamrudishia mama mkwe wako nini?"

"Mama mkwe wangu ni marehemu."

"Ndiyo maana nakuuliza taratibu."

Mwenyekiti akacheka bila kupenda. "Mpaka Ijumaa jioni," akasema. "Jumamosi majembe yanaingia."

Haraka ile ilinifanya nikosee. Nilikata mizizi pale pale, saa tisa alasiri, na Alhamisi nilipotazama, seli zote zilikuwa zimelala. Hapakuwa na hata moja inayogawanyika. Mama wa Maabara hakunilaumu. Aliuliza tu nilikata saa ngapi, na nilipojibu nikaliona kosa mwenyewe: ncha hukatwa saa tatu asubuhi. Kwa bahati bado ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa tatu kamili tulikata upya. Alikata yeye, kwa kupapasa, akaweka ncha katika vichupa viwili, akakifunga kimoja uzi mwekundu.

"Uzi ni wa nini, Mama?"

"Si kazi yako kujua."

Ijumaa asubuhi tulitoa meza barazani penye jua. Macho hayakuona, lakini gumba liliona. Alikunja karatasi, akatafuta katikati kwa ncha ya kidole, akabonyeza mara moja. Kila kioo alichonipa kilikuwa kimetulia. Kromosomu za ndizi ni ndogo mno, kama ulezi uliomwagika. Nilichora bila kuhesabu. Ni vigumu kuliko unavyodhani. Akili inataka kujumlisha. Yeye alinisikia nikipumua, akaanza kunisimulia habari za mbuzi wake ili nisiweze.

Wahesabuji tuliwatoa barabarani. Mwenyekiti alikataliwa kwa kuwa alijua tunachotafuta. Akaitwa mama aliyebeba majani ya ng'ombe, akatua mzigo wake, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria, akazima pikipiki.

"Nihesabie maharage haya, mwanangu."

"Kuna zawadi, Bibi?"

"Kuna chai. Weka punje juu ya kila nukta."

Mwenyekiti aliandika. Vioo vya uzi mwekundu: ishirini na mbili, ishirini na mbili, ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na mbili. Vioo visivyo na uzi: thelathini na tatu, thelathini na tatu. Kijana wa bodaboda akapata thelathini na mbili, akarudia, akapata ile ile.

"Niongeze moja, Bibi?"

"Ukiongeza utakunywa maji. Andika thelathini na mbili."

Kisha thelathini na tatu, na thelathini na tatu tena.

Mwenyekiti alishika karatasi kwa mikono miwili. "Mama, uzi mwekundu ni upi?"

"Uzi mwekundu ni mchare wangu wa nyuma ya jiko."

"Na hizi nyingine?"

"Ni miche iliyo mbele yako."

Mwenyekiti akakaa chini. Akauliza kuhusu zile mbili zilizopungua moja, na nilijivunia swali lake, kwa sababu ndilo swali sahihi. Mama wa Maabara akamweleza bila haraka: kromosomu moja inaweza kulala juu ya nyingine, ukaona nukta moja badala ya mbili. Kupungua moja ni kawaida. "Lakini kumi na moja hazizaliwi hewani. Namba hii haikuambii miche hii ni ndizi gani. Inawezekana ni ndizi nzuri sana. Inakuambia tu kwamba si mchare, wala haitakuwa mchare hata uimwagilie maziwa."

Bwana wa kitalu alifika saa tisa, amekuja juu. Alisema namba si ndizi, na kwamba yeye anafanya kazi hii tangu zamani. Mama wa Maabara alimkaribisha kiti, akamwekea kioo kipya, akampa penseli. "Chora, baba. Usihesabu." Alichora kwa hasira, kisha polepole. Mama wa majani, aliyekuwa amegoma kuondoka kabla ya kuona mwisho, aliweka punje zake na kuzihesabu kwa sauti, baraza zima likimfuata, mpaka thelathini na tatu. Yule bwana akaweka penseli mezani.

"Mama, na mimi nililetewa trei hizi na mtu," akasema. "Sikuhesabu."

"Sasa umehesabu."

Akanywa chai, akapakia miche yake yote. Kabla ya kuwasha gari alirudi kumwuliza Mwenyekiti, kwa adabu, kama kikundi kingekubali kumpa machipukizi ya mchare wao ili kitalu chake kianze upya. Mwenyekiti akajibu kwamba watakaa kikao, na atakuja kuambiwa. Nilimwona akiinua kidevu. Asubuhi alikuwa mpokeaji wa miche, jioni alikuwa anaombwa.

Msaragambo haukuahirishwa. Jumamosi alfajiri walikuja kina mama na majembe, watoto na sufuria za kiburu, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, na hata kijana wa bodaboda, ambaye sasa alikuwa anaeleza kila mtu habari za kromosomu kwa makosa machache tu. Hawakung'oa shina hata moja. Walitenga machipukizi kutoka mashina ya zamani yenye afya na kuyapeleka kwenye vihamba vilivyokuwa na mapengo.

Shimo la kwanza lilichimbwa kwa mjane mmoja ambaye ugonjwa ulikuwa umemmalizia mchare wake wote. Mama wa Maabara aliongozwa hadi hapo kwa mkono. Akapiga magoti, akapapasa mizizi ya chipukizi, akaliweka wima, akarudisha udongo.

"Aika, mae," mjane akamwambia. Asante, mama.

"Shukuru hawa ambao hawakung'oa," akajibu. "Shindilia hapa, bado pamelegea."

Vigelegele vikapanda. Kina mama wakabeba majembe begani, wakaelekea kihamba kinachofuata huku wakiimba, na pande zote mbili za njia migomba ya mama wakwe zao ilikuwa imesimama, yote.